Kupaka rangi visanamu vya askari wa kale: maswali yanayorudi kila mara Tabora

Napaka rangi visanamu vyangu barazani, Tabora mjini, mahali ambapo kila mpita njia anaona ninachofanya. Ndiyo maana maswali hayaishi. Mengine yanakuja kwa simu kutoka Urambo, Nzega na Kigoma. Nimeyaweka hapa pamoja. Jambo likiwa limejibiwa kwingine nimetaja namba ya swali, nenda huko.

## Mwanzo kabisa

1. Visanamu hivi ni vya nini? Si vya kuchezea watoto?

Vya watoto vipo, ila hivi si vyenyewe. Hivi ni sanamu ndogo za askari wa jeshi fulani, vita fulani, mwaka fulani. Vinauzwa bila rangi, na kazi ya mnunuzi ni kuvipaka mpaka askari aonekane kama alivyokuwa siku zake. Wengine huvitumia kwa michezo ya vita ya mezani, wengine huviweka kabatini. Mimi ni mtu wa kabati.

Kazi yenyewe ina umri. Mafundi wa Nuremberg, Ujerumani, walimimina askari bapa wa bati tangu karne ya 18. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ikaanza kumimina askari wa madini ya risasi wenye uwazi ndani, wakawa wepesi na bei ikashuka. Plastiki ilitawala baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

2. Nianze na ukubwa gani?

Milimita 28, yaani urefu wa kisanamu. Vya kipimo cha 1/72, yaani mtu aliyepunguzwa mara 72, ni vidogo mno, havizidi sana sentimita mbili na nusu, na vitakukatisha tamaa mapema. Milimita 54, ambayo inakaribia 1/32, ndiyo kipimo cha jadi cha watu wa kabati. Kwa kipimo hicho bunduki ya mita moja na robo inakuwa na pungufu kidogo ya sentimita 4, na uso unatosha kuwekwa mboni. Lakini kwenye 54 kosa linaonekana tangu mlangoni. Panda huko ukishamaliza kikosi kimoja cha 28.

3. Navipata wapi nikiwa huku?

Sijawahi kuvikuta dukani Tabora wala Kigoma. Tunaagiza nje kwa mtandao, mzigo unashukia Dar es Salaam, kisha unapanda basi. Agizeni watu watatu au wanne kwa pamoja, kwa sababu nauli ya mzigo mdogo inaweza kuzidi bei ya visanamu vyenyewe.

Kwenye fomu andikeni wazi kwamba ni sanamu ndogo za mapambo. Mzigo wangu mmoja uliandikwa "askari 24 na mzinga mmoja", na maelezo niliyoyatoa kwenye ofisi moja siku hiyo sitayasahau. Huku kwetu nako ukitaja mzinga unaulizwa asali imetoka lita ngapi.

Njia nyingine ni printa za 3D za rezini, plastiki ya maji inayogandishwa: unanunua faili, mwenye printa anakuchapia. Kabla ya kushika kazi hiyo soma swali la 20.

4. Nahitaji vifaa gani?

Brashi mbili nzuri zinashinda kumi mbovu: namba 2 na namba 0. Wanaoanza hukimbilia brashi yenye nywele tatu wakidhani ndiyo itakayochora mstari mwembamba. Mstari mwembamba unatokana na ncha. Brashi namba 2 yenye ncha kali inabeba rangi ya kutosha kufika mwisho wa mstari. Ile ya nywele tatu inakauka katikati ya safari.

Rangi ziwe za akriliki, zile zinazozimuliwa kwa maji. Za tyubu wanazouziwa wachoraji zinatosha kuanzia, ingawa zile za vichupa zilizotengenezwa kwa ajili ya visanamu zimesagwa laini zaidi na zinafunika kwa tabaka jembamba. Ongeza wembe, msasa laini, mswaki mzee, supaglu, sahani ya kauri ya kuchanganyia na miwani ya kusomea hata kama macho yako ni mazima.

Kitu kimoja Tabora tunawazidi wote: nta ya nyuki. Bandika kipande kwenye kizibo cha chupa ya plastiki, simamisha kisanamu juu yake, kisha shika kizibo. Vidole havitagusa rangi mpaka kazi iishe.

5. Kwa nini brashi zangu zinapasuka ncha haraka?

Rangi imeingia kwenye shingo ya bati. Usichovye zaidi ya nusu ya nywele, usiisimamishe kichwa chini ndani ya kikombe, na jioni isugue taratibu kwenye sabuni ya mche iliyolowa, kisha irudishe ncha kwa vidole.

## Kabla ya rangi

6. Rangi inabanduka kwenye pua na magoti. Nimekosea wapi?

Hukuosha. Kisanamu kinatoka kiwandani kikiwa na mabaki ya mafuta yanayokisaidia kuchomoka kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki, kiache kikauke usiku kucha. Kwangua mishono ya kalibu kwa mgongo wa wembe, kisha paka undakoti, ile rangi ya kwanza inayoshikilia nyingine. Pua, magoti, vidole na ncha za kofia ndizo zinazoguswa sana, kwa hiyo hata ukiosha vizuri tumia kizibo cha swali la 4.

Vile vya 1/72 vya plastiki laini vina tatizo la ziada: vinapinda, na rangi inapasuka. Vipake kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo.

7. Naweza kupuliza rangi ya magari kama undakoti?

Kwenye chuma, ndiyo. Kwenye plastiki ngumu, jaribu kwanza chini ya kitako, yaani kile kibao ambacho askari anasimama juu yake. Baadhi ya rangi hizo zina thina kali inayoyeyusha plastiki. Niliwahi kupuliza askari sita wa plastiki kwa kopo nililopewa na fundi wa magari. Baada ya dakika chache nyuso zilikuwa zimelainika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Mmoja ninaye bado.

Kwa plastiki napaka undakoti ya akriliki kwa brashi, tabaka mbili nyembamba. Kijivu ndicho kilichozoeleka, lakini kwa askari wetu naanza na kahawia iliyokolea, maana pembe nisizozifikia zinabaki kama kivuli cha ngozi na cha nguo pia. Ukipuliza, fanya alfajiri. Upepo wa Agosti una vumbi la kutosha kuwageuza askari wako kuwa msasa.

## Kupaka

8. Naanza na sehemu gani?

Fuata jinsi askari alivyovaa: ngozi, shati na suruali, vitambaa vya miguuni, mikanda, shanta, kofia, bunduki mwisho. Ukichafua ngozi kwa kaki ni rahisi kurudi. Ukianza na mkanda utaupaka mara nne.

Rangi iwe nyepesi kama maziwa. Tabaka mbili nyembamba, hata tatu.

9. Septemba na Oktoba rangi inakauka kwenye brashi kabla haijafika. Nifanyeje?

Mimi pia. Chukua kifuniko cha kontena, tandika karatasi ya chooni iliyolowa maji, juu yake weka karatasi ya kuokea keki, na changanyia rangi hapo. Unyevu unapanda polepole na rangi inakaa saa nzima. Tone dogo la glisirini kwenye maji ya kuzimulia linasaidia pia, lakini liwe dogo kweli. Ukizidisha, rangi inabaki inanata na vumbi litahamia hapo moja kwa moja. La sivyo paka saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapata nguvu.

10. Ngozi ya askari Mwafrika inapakwaje?

Hili ndilo swali linaloniuma. Maelekezo mengi yanayokuja na visanamu yameandikwa kwa uso wa Mzungu: kivuli hapa, wekundu wa shavu pale, hatua saba. Ukifika kwa askari Mwafrika unakuta maneno mawili, "kahawia iliyokolea". Matokeo yake ni kikosi kizima kilichozaliwa na mama mmoja siku moja.

Toka nje uwaangalie vijana watano wa bodaboda waliopaki chini ya mwembe. Hakuna wawili wenye rangi moja. Kuna mweusi unaoelekea bluu, kuna kahawia yenye wekundu ndani, kuna maji ya kunde. Kwa hiyo nachanganya misingi mitatu: kahawia iliyokolea peke yake, kahawia yenye nyekundu kidogo, na kahawia yenye njano ya udongo. Kila askari anapata wake, bila mpangilio.

Kosa kubwa linatokea kwenye mwanga. Watu wanaongeza nyeupe, na nyeupe inaleta majivu: askari anapauka kama mtu aliyeoga asubuhi ya Juni akasahau kujipaka mafuta. Ongeza njano ya udongo au chungwa, tabaka kwa tabaka, kwenye paji, mfupa wa pua, mashavu, kidevu na vifundo vya vidole. Mwishoni kabisa weka doa moja dogo lenye ubluu hafifu juu ya paji na jingine puani. Ngozi nyeusi inarudisha mwanga wa anga, na doa hilo linafanya kazi kuliko tabaka tano ulizotangulia kuweka. Kivuli kichanganye na bluu ya usiku. Nyeusi tupu inaua uso.

Viganja na nyayo ni vyeupe zaidi. Askari aliyepiga goti peku anaonyesha unyayo, na mara nyingi picha ya kwenye boksi imesahau. Mdomo wa chini una wekundu kidogo unaozidi wa juu. Kwa milimita 28 tabaka tatu zinatosha. Haya yote kwa ukamilifu ni ya 54.

11. Macho yanatoka yamekodoka kama ya mtu aliyeona simba.

Umetumia nyeupe safi na umeacha duara zima la mboni lionekane. Nyeupe ya jicho iwe ya rangi ya pembe ya ndovu. Mboni iguse kope la juu na la chini. Kope la juu lichore kwa kahawia iliyokolea, na askari atatulia. Kwa 28 usihangaike: mstari wa kivuli chini ya ukingo wa kofia unatosha. Juani nani anakodoa macho?

12. Kaki ni rangi gani hasa?

Hakuna kaki moja. Neno lenyewe limetufikia kupitia India, na maana yake ya asili kwa Kiajemi ni vumbi. Sasa vumbi la wapi?

Shati jipya lilitoka ghalani likiwa na rangi moja. Baada ya miezi ya jua, jasho na kufuliwa mtoni, mabega yanakuwa karibu meupe, kwapa na chini ya mkanda zinabaki na rangi ya awali. Kwa Wajerumani wa Afrika Mashariki hali ilizidi hapo, kwa sababu manowari za Waingereza ziliziba pwani na nguo hazikuingia. Vitambaa vikafumwa humu nchini na kutiwa rangi kwa magome ya miti. Kwa hiyo kikosi cha mwaka 1916 chenye kaki inayofanana kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho kimepakwa na mtu aliyetazama kopo la rangi akasahau watu.

Mchanganyiko wangu ni njano ya udongo, nyeupe, na kahawia kidogo sana. Kwa mmoja naongeza chembe ya kijani, kwa mwingine chembe ya pinki, wa tatu namwachia wa katikati. Kisha natiririsha kahawia iliyozimuliwa sana ndani ya mikunjo na kuinua mabega kwa kaki yenye nyeupe. Ukitaka mfano wa bure, simama nje ya shule saa za kutoka uangalie kaptula za kaki za wanafunzi: ya Januari na ya Novemba si rangi moja.

13. Na chuma, mbao, mikanda?

Kitako cha bunduki ni kahawia yenye mistari myembamba ya chungwa. Mtutu ni nyeusi iliyosuguliwa na kijivu cha chuma kwenye kingo tu. Bunduki ya vita haing'ai kama sufuria mpya. Mikanda iliyochoka inakwaruzika rangi nyepesi pembeni.

## Nani alivaa nini

14. Askari wa Mjerumani alivaaje?

Kikosi kiliitwa Schutztruppe. Askari wa mwaka 1914 alivaa sare ya kaki, na kichwani tarbushi iliyovalishwa kitambaa cha kaki chenye pazia la kukinga shingo, tai wa chuma mbele. Miguuni alizungushia vitambaa kutoka kifundo hadi chini ya goti. Vyeo vilionyeshwa kwa tepe nyekundu za umbo la V kwenye mkono wa kushoto, na majina yake yalikuwa ya Kituruki kupitia Misri: ombasha, shaushi, mpaka efendi. Kombania nyingi zilianza vita na bunduki za mwaka 1871 zenye baruti ya moshi, kwa hiyo ukitengeneza mandhari ya mapigano, kipande cha sufi kwenye mtutu si urembo.

Askari wa 1918 ni mtu mwingine. Novemba 1917 walivuka Ruvuma, wakaiteka kambi ya Wareno pale Ngomano na kuchukua bunduki, risasi na nguo. Waliposalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, walikuwa mchanganyiko wa kila kitu. Ukiwa na visanamu vilivyovaa nadhifu, usiviandikie mwaka huo.

15. Na wa KAR?

KAR ni King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika wa huku Afrika Mashariki. Iliundwa mwaka 1902, na iliendelea hadi uhuru, kwa hiyo uliza kwanza KAR ya lini. Ya Vita vya Kwanza inachanganywa mno na ya Mjerumani, kwa kuwa zote zina kaki, kofia yenye pazia la shingo na vitambaa vya miguu. Ukifika Dar es Salaam izunguke Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 pale katikati ya mji. Ni ya shaba, haina rangi ya kukudanganya, na inakuonyesha vizuri mikunjo ya nguo na namna ya kushika bunduki yenye singe.

Ya Vita vya Pili ni rahisi kuitambua: kofia ya pama. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na kikosi kutoka Tanganyika, ilipigana Burma mwaka 1944 kwenye bonde la Kabaw, kwenye mvua na matope. Huko kaki iliachwa, sare zikawa kijani cha msituni. Matope yapande mpaka magotini.

16. Walioingia Tabora mwaka 1916 walikuwa Waingereza?

Hapana. Tarehe 19 Septemba 1916 waliingia askari wa Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, chini ya Jenerali Charles Tombeur, baada ya mapigano ya Lulanguru na Itaga nje ya mji. Sare yao ya kabla ya vita ilikuwa bluu na tarbushi nyekundu. Wakati wa vita kaki ikachukua nafasi ya bluu. Tarbushi nyekundu juu ya kaki inapendeza kabatini kuliko sare nyingine yoyote ya vita ile. Nyekundu yake iwe iliyopigwa jua, kama tofali.

17. Nataka kumtengeneza Mirambo na rugaruga wake.

Vizuri, lakini ondoa kaki kichwani. Mirambo wa Urambo alifariki mwaka 1884, na vita vyake na Waarabu wa Tabora vilianza 1871. Rugaruga, yaani wapiganaji wake, hawakuwa na sare. Walivaa vitambaa vya biashara, na nyekundu ilipendwa, pamoja na manyoya kichwani na bangili za shaba na pembe. Silaha ni magobori na mikuki. Kila kisanamu kiwe na mavazi yake, hakuna wawili wanaofanana. Ni raha tupu kupaka.

Angalia nyuma yao pia. Nimeona mandhari ya Mirambo yenye reli kwa mbali. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Na wanaotaka kumweka Isike wa Unyanyembe: ngome yake ilianguka kwa Wajerumani Januari 1893, naye alijilipua kwa baruti ndani yake. Askari wa Mjerumani wa tukio hilo si wa swali la 14, ni wa miaka ishirini kabla.

18. Wapagazi wapo?

Wachache, na ni aibu ya biashara hii. Jeshi lolote lililopita hapa lilitembea kwa migongo ya wapagazi, na walizidi askari kwa idadi. Kariakoo ya Dar es Salaam ina jina la kikosi chao. Kwenye maboksi utapata askari thelathini na mpagazi hakuna.

Nawatengeneza mwenyewe. Nachukua kisanamu cha raia, nakata mikono kwa wembe, nairudisha ikiwa juu, na mzigo naufinyanga kwa epoksi ya mafundi bomba, ile ya kukanda. Kamba ni uzi. Epoksi ikianza kugoma, lowesha kidole kwa maji.

19. Huku Kigoma tunataka mabaharia wa Götzen.

Tafuteni mabaharia wa Kijerumani wa Vita vya Kwanza wenye nguo nyeupe za nchi za joto. Kwenye 28 wanapatikana. Meli yenyewe, Graf von Götzen, iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapo Kigoma na kushushwa majini 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 mnaijua kwa jina la Liemba. Adui zao Waingereza walikuwa na boti mbili ndogo zilizoitwa Mimi na Toutou, chini ya ofisa Geoffrey Spicer-Simson, aliyekuwa akivaa sketi ya kaki mbele ya askari wake. Sikutanii. Huyo mpakeni peke yake.

## Maswali ya pembeni

20. Visanamu vya risasi na vya rezini vina sumu?

Risasi ina sumu ukiila au ukivuta vumbi lake. Piga tupa ukiwa nje, juu ya gazeti lililoloweshwa, usile huku unafanya kazi, nawa kwa sabuni, na watoto wasivichezee. Kwa vumbi la rezini nalo vaa barakoa, na rezini yenyewe isugue ndani ya maji. Rezini ya 3D ambayo haijakaushwa usiiguse bila glavu.

Na ukiona unga mweupe unachipuka juu ya kisanamu cha risasi, hiyo ni risasi inayoliwa na hewa yenye asidi, aghalabu ndani ya kabati la mbao lisilopitisha hewa. Kitoe, kisafishe kwa uangalifu uleule, na kabati liache wazi.

21. Nimepuliza vanishi, askari wote wamekuwa na ukungu mweupe.

Ulipuliza siku ya mvua. Unyevu umenaswa ndani ya vanishi. Subiri siku kavu, puliza tabaka nyembamba ya vanishi inayong'aa, mara nyingi ukungu unapotea, kisha rudia ile isiyong'aa. Kati ya Novemba na Aprili mimi napaka vanishi kwa brashi tu.

22. Naweza kufuta rangi nianze upya?

Kwa akriliki, loweka kwenye Dettol isiyozimuliwa usiku mzima, vaa glavu, sugua kwa mswaki uliochovywa Dettol hiyohiyo. Usitie maji kabla rangi haijatoka yote, maana inageuka ulimbo. Petroli na thina acha. Rudi swali la 7 ukumbuke sabuni.

23. Udongo wa kitako natoa wapi?

Unaukanyaga. Chukua wa kichuguu, uchekeche kwa kitambaa cha soksi, ukaange kwenye kikaango kikuukuu ili kuua wadudu, bandika kwa gundi nyeupe. Usiuache na rangi yake tu, upake kidogo, kwani udongo wa kweli ukipunguzwa unaonekana umekolea mno. Nyasi kavu ni nyuzi za katani zilizokatwa. Vumbi hilohilo lisugue kwa brashi kavu kwenye miguu ya askari, la sivyo ataonekana ameshushwa na helikopta.

24. Nipige picha boma la Wajerumani kwa ajili ya mandhari?

Usifanye hivyo. Lipo mikononi mwa jeshi. Tumia picha za zamani.

25. Kupaka askari wa Mjerumani si kuwatukuza wakoloni?

Nimeulizwa hivi na mwalimu mmoja, na hakuwa anatania. Nilimjibu kwamba aliyevaa kaki ile, mara nyingi, alikuwa Mnyamwezi, Msukuma au Mmanyema, na kwenye vitabu vya picha amesimama nyuma ya ofisa bila jina na bila uso. Mimi naanza na yeye, ofisa napaka mwisho. Hilo halifuti alichotumwa kufanya, wala sijawahi kupaka mandhari ya kunyonga au kuchapa viboko kwa ajili ya kupamba sebule. Mwalimu hakuridhika kabisa. Bado anapita, anakaa, anatazama.

26. Jirani anasema ni vitu vya kishirikina.

Waliokomaa kidogo kwenye kazi hii mjini hapa wote wameambiwa hivyo. Nilianika watu kumi na wawili dirishani, weusi kwa undakoti, hawana nyuso, kila mmoja juu ya kizibo chenye nta. Mama mwenye nyumba alipowaona alirudi na wazee wawili. Nilichofanya ni kuwakaribisha chai na kupaka mmoja mbele yao mpaka mwisho. Mzee mmoja aliniambia vitambaa vya miguuni nimevizungusha kinyume. Tangu hapo naanika barazani, si dirishani.

27. Nina picha ya babu akiwa askari, nyeusi na nyeupe. Nitajuaje rangi?

Tahadhari na macho yako. Filamu nyingi za wakati wa Vita vya Kwanza hazikuona nyekundu vizuri: nyekundu inatoka karibu nyeusi, na bluu inatoka nyepesi mno. Tarbushi inayoonekana nyeusi huenda ni nyekundu. Kitambaa cha mguuni kinachoonekana cheupe huenda ni bluu. Hata ngozi inatoka nyeusi kuliko alivyokuwa, kwa hiyo waangalie wajukuu zake kabla hujachanganya rangi.

Anza na vitu visivyohitaji rangi. Kofia ni ya pama au ina pazia? Tepe ni ngapi na ziko mkono upi? Ana viatu? Vifungo vingapi? Hapo utajua jeshi na mwaka, kisha rudi swali la 12 hadi la 16. Ukiniletea picha, usiitoe kwenye fremu kwa nguvu, na nyuma yake usiifute: mara nyingi kuna penseli hafifu imeandikwa pale, jina la kambi au namba ya askari, na ndiyo inayomaliza ubishi wote.